Kilomita 17 Bila Kijiji

Kati ya Carrión de los Condes na Calzadilla de la Cueza, kaskazini mwa Hispania, pana kilomita 17 zisizo na kijiji, zisizo na bomba la kutegemea, na kivuli chake ni cha kuokoteza. Ni kipande cha Camino Francés, njia ya mahujaji inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa na kuelekea magharibi takribani kilomita 780 hadi Santiago de Compostela. Wengi huogopa siku ya kwanza, ile ya kuvuka milima ya Pirenei. Mimi niliyotishwa nayo ni Meseta, uwanda mpana kati ya Burgos na León, ulioinuka yapata mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kuna wanaopanda basi Burgos na kushukia León ili wasiione kabisa. Siwalaumu, likizo haimngoji mtu. Lakini ukiniuliza ni siku ipi iliyonifundisha kutembea, nitakutajia hiyo ya kilomita 17, na nitakwambia kwamba sehemu yake kubwa haikufanyika barabarani. Ilifanyika hosteli, usiku wa kuamkia safari na mchana baada ya kufika.

Nilikuwa na shangazi yangu. Ni muuguzi mstaafu, amevuka miaka 60, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akiwa amesimama wodini. Mimi ndiye niliyekuwa na vifaa: fimbo mbili za kutembelea, viatu vya bei mbaya, saa inayohesabu hatua. Yeye alikuja na miguu yake.

Nieleze kwanza hosteli zenyewe, kwa sababu ndizo zinazopanga kila kitu. Wenyeji huziita albergue. Nyingi za manispaa na za parokia hazipokei nafasi kwa simu. Anayewahi ndiye anayelala. Unatoa kijitabu chako cha hujaji, unagongewa muhuri wa mahali hapo, unaonyeshwa kitanda, na mara nyingi ni dabo deka. Unaruhusiwa usiku mmoja tu isipokuwa unaumwa. Saa 4 usiku mlango unafungwa na taa zinazimwa. Kufikia saa 2 asubuhi nyote mmeshatoka ili watu wafagie. Viatu vya safari vinabaki kwenye rafu mlangoni, na shanta haliwekwi juu ya kitanda, kwa ajili ya kunguni. Shangazi hakuhitaji kuambiwa hilo la kunguni. Kila hosteli tuliyoingia alianza kwa kuinua pembe za godoro na kumulika mishono kwa tochi ya simu, kabla hata hajavua kofia. Watu walimcheka. Baadaye wakawa wanamwita aje awaangalizie na yao.

Ratiba hiyo, ukiitazama vizuri, ndiyo inayokutembeza. Ukijua mlango unafungwa saa 4 usiku na asubuhi utatolewa tu, huwezi kuilaza siku wala kuinyoosha upendavyo.

Carrión tulilala hosteli ya parokia ya Santa María. Jioni watawa wa Mtakatifu Agustino walikaa na mahujaji, wakaimba na gitaa, wakatutaka kila mmoja aseme ametoka wapi na kwa nini anatembea. Walitupa nyota ndogo za karatasi zilizopakwa rangi. Shangazi akaiweka yake ndani ya kijitabu cha mihuri. Mimi nilikuwa nusu pale na nusu kwenye hesabu ya maji.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Watembeaji wengi hufuata kanuni kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, na mimi nilikuwa nimeshaikaribia hata kabla ya kujaza chupa. Kwa kilomita 17 za jua tuliamua lita mbili kila mtu. Ili zipate nafasi ikabidi vitu vitoke. Nilimwachia hujaji mwingine kitabu nilichokuwa nimekibeba tangu Burgos bila kukifungua, na chupa ya shampuu ikaenda kwenye kikapu cha vitu vya bure pale hosteli, kwa sababu kipande cha sabuni kinaoga, kinafua na kinaosha nywele. Chakula tulikuwa tumekinunua mapema: mkate, jibini, machungwa mawili, lozi. Katika miji midogo ya kule maduka hufungwa alasiri kwa saa kadhaa, na Jumapili ndiyo usiseme. Anayengoja asubuhi anunue mkate hataupata, maana asubuhi anaondoka kabla ya mwokaji kufungua.

Kisha kufunga mzigo. Shangazi alikuwa na sheria moja ambayo nadhani ingeandikwa kwenye mlango wa kila bweni: kila kitu kifungwe kabla taa hazijazimwa. Asubuhi unavaa, unakunja mfuko wa kulalia, unatoka, na unamalizia kuufunga koridoni. Wanaokoroma utawazoea, au utaweka vizibo masikioni. Usichoweza kukizoea ni mtu anayefungua na kufunga mifuko ya plastiki saa 11 alfajiri, mmoja baada ya mwingine, akitafuta soksi, huku taa yake ya kichwani ikikupiga usoni kila anapogeuka. Vitu vyetu tulivitia kwenye mifuko ya kitambaa. Haipigi kelele.

"Shikamoo, shangazi," nilimnong'oneza gizani.

"Marahaba. Shuka polepole, chini yako kuna mtu."

Koridoni, miguu kwanza. Hili nilijifunza kwake na sijaliacha. Alipaka mafuta mazito ya mgando katikati ya vidole, kisiginoni na chini ya fundo la kidole gumba, halafu akavaa soksi nyembamba, na juu yake soksi ya sufu. Alizivuta hadi hapana mkunjo hata mmoja, akapitisha kidole kuhakikisha. Mtu mwenye haraka angesema anapoteza muda. Lakini piga hesabu. Kwa hatua ya sentimita 70, kilomita 17 ni hatua zaidi ya 24,000. Mlimani mguu hukanyaga kila mara kwa namna tofauti, mara unapanda, mara unashuka, mara jiwe, mara tope, kwa hiyo ngozi inapumzishwa bila wewe kujua. Tambarare haina huruma hiyo. Hatua ya kwanza na ya elfu ishirini zinafanana, na mkunjo mdogo wa soksi unasugua pale pale kila unapokanyaga. Ndiyo maana utakuta mtu aliyevuka Pirenei salama analemaa kwenye barabara iliyonyooka.

Tulivuka daraja la mawe juu ya Mto Carrión, tukaipita San Zoilo, monasteri ya kale ambayo sasa sehemu yake ni hoteli, na mji ukaishia hapo. Kilomita chache za mwanzo ni lami nyembamba yenye miti pembeni. Baada ya hapo lami inaondoka, miti inaondoka, na mbele yako inabaki barabara ya changarawe iliyonyooka kati ya mashamba ya ngano. Ni njia ya Warumi, Via Aquitana, iliyounganisha Bordeaux na Astorga, na Warumi hawakuwa na sababu ya kupinda mahali pasipo na kilima. Mwongozo mmoja wa mahujaji wa karne ya 12 uliisifu nchi hii kwa mkate, divai, nyama na asali, halafu ukalalamika kwamba haina miti. Karne tisa zimepita na malalamiko ni yale yale.

Mishale ya njano, ile inayomwongoza hujaji tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, hapa huna haja nayo. Ilichorwa kuanzia miaka ya 1980 na Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, kijiji cha milimani huko mbele mwanzoni mwa jimbo la Galicia. Mijini nimeitafuta kwenye nguzo na kuta kama mtu aliyeangusha pesa. Hapa upotelee wapi?

Tulitembea pamoja labda nusu saa, kisha shangazi akasimama.

"Mwanangu, tangulia."

"Nitakusubiri, shangazi. Hatuna haraka."

"Ukinisubiri ndipo unaponichosha. Nikikuona umesimama nami naanza kukimbia. Tangulia, tutakutana Calzadilla."

Nilisita kwa adabu, maana kwetu hutangulii tu ukamwacha mkubwa wako porini. Lakini alikuwa na haki. Kutembea kwa mwendo wa mtu mwingine kunachosha pande zote mbili: anayeharakishwa anamaliza pumzi, na anayejipunguza naye anaumia nyonga na magoti, kwa kuwa kila hatua anaizuia. Tangu siku hiyo tukawa na mpango. Tunaagana asubuhi, tunataja kijiji cha kukutana, na simu zinabaki na chaji. Ajabu ni kwamba mazungumzo yetu ya jioni yaliongezeka, kwani kila mmoja alikuwa na siku yake ya kusimulia.

Nikabaki peke yangu na barabara. Hapa inabidi niseme jambo kuhusu jua, kwa sababu sisi tuliokulia karibu na ikweta tunadhani tunalijua. Hispania hufuata saa za Ulaya ya kati ingawa ipo mbali magharibi, na majira ya joto husogeza mishale mbele kwa saa nzima zaidi. Matokeo yake, mwezi Juni pale Palencia, mkoa tuliokuwamo, jua hufika juu kabisa karibu saa 8 na robo mchana, na joto kali linakuja baada ya hapo, alasiri. Mwili wangu ulikuwa unaamini kwamba saa 6 ndiyo kilele na saa 9 nafuu inaanza. Kule ni kinyume. Saa 3 asubuhi hewa bado ni ya baridi, unaona koti si la kuvuliwa. Saa 9 alasiri ndipo barabara inapochemka. Ukifika kabla ya saa 7 mchana umeikwepa tanuri yote. Mtu anayechelewa kuondoka kwa saa mbili kwa kunywa kahawa ya pili anazilipa saa hizo mbili upande ule wa moto.

Tena jua lenyewe liko kusini, wakati Juni kwetu huegemea kaskazini. Unapoelekea magharibi, asubuhi kivuli chako kinakutangulia, kisha taratibu kinahamia kuliani, na upande wa kushoto ndio unaoungua: sikio la kushoto, shingo ya kushoto, kigimbi cha mguu wa kushoto. Usidanganyike na weusi wa ngozi. Sikio langu la kushoto lilibabuka hadi nikawa naliepusha na mto wa kulalia. Kofia yenye ukingo mpana mzunguko mzima ni bora kuliko kapelo.

Tatizo la pili la njia ile ni macho. Hakuna kitu cha kupimia. Unaona mti, unaulenga, unatembea, na mti hausogei. Watu wakali wa mwendo huvunjika moyo hapa kwa kuwa wamezoea kuhesabu vijiji. Nilichofanya ni kuacha kuangalia umbali nikashika saa: dakika hamsini natembea, dakika kumi naketi, viatu nje, soksi nje, miguu hewani. Hata kama sijachoka. Hasa kama sijachoka. Soksi zilizoloa jasho nilizining'iniza kwenye shanta kwa pini na kuvaa zilizokauka. Ngozi iliyolainika kwa unyevu ndiyo inayochubuka haraka.

Kwenye kituo cha pili nilimkuta kijana mmoja Mkorea ameketi ukingoni mwa shamba, kiatu kimoja mkononi. Alisema kisigino kilianza kuwaka tangu kwenye lami, akajiambia atakishughulikia kijiji kinachofuata. Huo ndio mtego wa kipande hiki: kijiji kinachofuata hakipo. Joto dogo mguuni ni taarifa unayopewa mapema, na dawa yake ni dakika tatu na kipande cha plasta. Ukilingoja linakuwa lengelenge, na lengelenge linakubadilisha mwendo, na mwendo uliobadilika unakwenda kuharibu goti. Nilimpa plasta. Muda si mrefu shangazi akatokea nyuma kwa mwendo wake ule ule, akamwangalia kijana, akaweka chini shanta. Hakuwa na Kihispania wala Kikorea. Alionyesha kwa vidole tu: kiatu, soksi, mguu, lete.

Msimu wa mahujaji huwa kunatokea mtu mwenye kibanda cha kuhamahama katikati ya kipande hiki, anauza vinywaji. Siku ile alikuwepo. Nilikunywa soda ya baridi na nikashukuru, lakini sikushauri umweke kwenye hesabu yako. Beba maji yako yote, ukimkuta ni bahati.

Kilomita tatu za mwisho ndizo zinazotesa kuliko zote. Calzadilla de la Cueza imejificha bondeni. Saa inakwambia umekaribia, miguu inakwambia umekaribia, macho yanaona ngano. Nilipishana na mama mmoja aliyekuwa ameamini kabisa kwamba amepotea, kwenye barabara isiyo na kona. Halafu ghafla ardhi inashuka kidogo na paa la kwanza lipo chini yako, karibu kiasi cha kusikia vikombe vya mgahawani.

Hapo ndipo penye uamuzi wa kweli wa siku. Ilikuwa saa 4 na nusu asubuhi. Unaweza kuishia pale pale, hosteli ipo. Au unaongeza kilomita 6 hadi Ledigos, na 3 nyingine hadi Terradillos de los Templarios, jumla 26 tangu Carrión. Niliwaona waliokunywa kahawa wakiwa wamesimama, shanta mgongoni, ili wawahi vitanda. Mbio za vitanda nimezichukia na bado nazichukia. Zinamwamsha mtu saa 10 alfajiri atembee na tochi kwenye nchi aliyosafiri kuja kuiona. Zina sababu mahali pamoja, nayo ni kuanzia mji wa Sarria, huko mwisho, ambako umati huongezeka kwa kuwa cheti cha Compostela, kile anachopewa hujaji akifika, kinataka angalau kilomita 100 kwa miguu. Kwenye Meseta ni hofu ya kuambukizana tu. Tena hosteli za binafsi hupokea simu. Tulipiga Terradillos tukiwa tumeketi, tukapata vitanda viwili vya chini, tukaagiza mayai.

Shangazi hakuuliza kama nimechoka. Aliuliza, "Kesho unataka kuamka na miguu gani?" Akanitaka nishuke ngazi tatu za mgahawa bila kushika kitu. Nikashuka vizuri. Basi, twende. Kupanda hakusemi kitu, alisema, mgonjwa anajulikana anaposhuka.

Tulifika Terradillos kabla ya saa 7 mchana, tukapokelewa kwenye hosteli iliyopewa jina la Jacques de Molay, mkuu wa mwisho wa Watemplari, wale watawa wapiganaji wa zama za kati, aliyechomwa moto Paris mwaka 1314. Jina la kutisha, bustani nzuri. Na hapa inaanza kazi ambayo wageni wa safari hizi hudhani ni mapumziko. Mpangilio wake ni huu na hauvunjwi: kuoga, kufua, kuanika, kula, ndipo kulala. Ukianza na kulala, hutaamka hadi jua limeshuka, nguo hazitakauka, na kesho utatembea na chupi imening'inia mgongoni. Una jozi mbili za nguo, moja mwilini na moja kambani, na vibanio havitoshi kamwe; pini zako ndizo zitakazokuokoa. Kandambili za kuogea usizisahau, mguu unaotoka kiatuni baada ya kilomita 26 haufai kugusa sakafu ya bafu la watu wengi.

Baada ya kula shangazi aliketi bustanini na kipochi chake cha sindano, pamba na spiriti, na bila kutangaza chochote akajikuta na foleni. Kijana wa kisigino alikuja wa kwanza, akiwa na mwenzake aliyepitisha uzi kwenye lengelenge na kuuacha humo ili maji yavuje. Njia hiyo utaisikia kila hosteli. Shangazi aliutoa uzi ule kwa uso wa mtu aliyekuta nzi kwenye dripu. Uzi uliobaki ndani ya kidonda ni mlango ulioachwa wazi kwa vijidudu, alisema, nami nikatafsiri. Lengelenge dogo lisiloumiza aliliacha na kulifunika. Kubwa lililojaa alilitoboa pembeni kwa sindano safi, akakamua, akaiacha ngozi ya juu mahali pake, akafunika. Alipomaliza aliletewa glasi ya divai asiyoinywa, akaipokea kwa mikono miwili na kunisogezea mimi.

Mezani jioni kila mtu alitaja kilomita zake. Jambo nililoliona ni kwamba waliokuwa na sifa kubwa ya kilomita jana yake wengi hawakuwepo leo. Walikuwa wamebaki nyuma wakiuguza kifundo. Na wale wazee wawili Wajerumani tuliokuwa tukiwapita kila siku saa 2 asubuhi tuliwakuta kila jioni wameshaanika nguo.

Tukafungua ramani kupanga kesho. Mimi nilitaka Sahagún, kilomita 13 tu, tulale mapema. Shangazi alitaka Bercianos del Real Camino, kilomita 23, kwa sababu njia hiyo ina vijiji kila baada ya muda mfupi: Moratinos, San Nicolás, kisha Sahagún yenyewe. Alishinda. Tukaenda, na siku hiyo yenye vijiji ilituchosha kuliko ile isiyo navyo: kila mgahawa ulituita, tukakaa, miguu ikapoa na kukakamaa, tukaanza upya, na Bercianos tuliiona saa 9 alasiri, tanuri ikiwa wazi, shangazi akiwa mbele yangu kwa mara ya kwanza na hanisubiri.